Muhuri wa Msikiti na Chupa ya Dawa ya Tumbo

Wiki tano zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, alifika katika ofisi ya msikiti wetu mfanyabiashara mmoja aliyevaa kanzu safi, mkononi amebeba boksi la chupa za kahawia. Baada ya salamu na kuulizana hali, alieleza haja yake. Alitaka aruhusiwe kuuza dawa yake ya tumbo uani mwa msikiti kila Ijumaa, dawa hiyo itangazwe kwa kipaza sauti mara moja kwa wiki, na apewe barua ya utambulisho yenye muhuri wa kamati. Kwa upande wake angetoa sehemu moja ya kumi ya mauzo kwa ajili ya mfuko wa paa. Waumini wanaoswali kwetu wanalijua paa hilo: mvua za masika zinaponyesha, safu ya pili huswali huku ndoo tatu zikiwa katikati yao.

Aliiacha chupa moja juu ya meza yangu. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ilisema kuwa dawa hiyo inaondoa kiungulia, kuvimbiwa, gesi, kukosa choo, kuhara, vidonda vya tumbo na uchovu wa mwili. Kuhusu kilichomo ndani yake, maneno yalikuwa matatu tu: "Mimea asilia teule."

Katika kikao cha kamati, mweka hazina aliunga mkono ombi hilo. Hakufanya hivyo kwa tamaa, kwani yeye ndiye anayebeba hesabu za paa na kulala nazo. Wajumbe wawili walikwisha kuitumia dawa yenyewe na walisema wamepata nafuu. Mimi, nikiwa katibu, niliomba tupewe muda, na sababu yangu ilikuwa ya nyumbani.

Miaka sita iliyopita mama yangu mzazi alinunua chupa ya namna hiyo, ya mtu mwingine, katika msikiti wa mtaa wa pili. Alikuwa akisumbuliwa na kiungulia na maumivu ya chembe cha moyo. Aliinywa kwa miezi minne. Maumivu yalipungua, akawa analala vizuri, akaisifia kwa majirani. Kisha alfajiri moja alianguka akitoka kutawadha. Hospitali waligundua kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu, na akaongezewa damu usiku ule ule. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa siku kadhaa, lakini kwa haya hakumwambia yeyote. Alhamdulillah, alipona. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kupimwa mapema, alinijibu kwa upole, "Ilitangazwa msikitini, mwanangu. Ningeitiliaje shaka?"

Hadi leo hatujui chupa ile ilikuwa na nini. Basi katika wiki hizi za kusubiri nimesoma habari za dawa za tumbo zilizouzwa zamani Uingereza na Marekani, ambako biashara hii ilikomaa mapema na kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri. Nilitaka kuelewa jambo moja: dawa isiyotibu huwezaje kuleta nafuu ya kweli, hata watu wenye akili timamu wakaitolea ushahidi?

Hataza isiyokuwa hataza

Kwa Kiingereza dawa hizo huitwa kwa jina la hataza, yaani hati aliyoitoa mfalme kumlinda mgunduzi ili wengine wasimwigize. Mwaka 1712 mwuza dawa wa London aitwaye Richard Stoughton alipata hati hiyo kwa ajili ya dawa yake ya tumbo, iliyokuwa mizizi na maganda machungu yaliyolowekwa katika pombe kali. Kabla yake, katika karne ya 17, kasisi mmoja wa Leicestershire, Thomas Daffy, alikuwa amekwisha kuipatia sifa dawa yake, ambayo nguvu yake kubwa ilitokana na sanamaki. Sanamaki ni ile ile wanayoijua wazee wetu. Tofauti ni kwamba ya Daffy ililowekwa katika pombe.

Hata hivyo, wengi waliofuata hawakuomba hataza kabisa, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Anayeomba hataza hulazimika kueleza alichokitengeneza na kilichomo ndani yake. Wauzaji hawakutaka kueleza. Wakaona ni heri kusajili jina, umbo la chupa na picha ya karatasi, kisha yaliyomo yabaki siri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa zilizoitwa za hataza hazikuwa na hataza yoyote. Zilikuwa na jina na siri.

Kisha serikali ya Uingereza ikaongeza jambo ambalo lilinifanya niufikirie muhuri uliomo katika droo ya meza yangu. Kuanzia mwaka 1783 ilitoza kodi dawa za aina hiyo, na kodi ikalipwa kwa kubandika stempu ya serikali juu ya kila boksi au chupa. Stempu ilikuwa risiti ya kodi tu. Haikuwa na maana kwamba kuna ofisa aliyeionja dawa hiyo au kuipima. Lakini mnunuzi dukani aliiona alama ya serikali ya mfalme, naye akaamini kwamba serikali imeikubali dawa. Wauzaji hawakuwa na haraka ya kumsahihisha.

Shubiri kwa bei ya gini

Mwaka 1825 James Morison, mfanyabiashara kutoka Scotland, alianza kuuza vidonge alivyodai kuwa vinatibu kila maradhi. Alifundisha kwamba maradhi yote yana chanzo kimoja, uchafu katika damu, na tiba yake ni moja, kuharisha. Jengo lake la biashara mjini London alilipa jina la Chuo cha Afya cha Uingereza, ingawa ndani yake kilichofanyika ni kuuza vidonge. Vidonge vyenyewe vilikuwa dawa kali za kuharisha, shubiri ikiwemo. Aliyelalamika kwamba vimemzidishia maumivu aliambiwa aongeze idadi, kwa maelezo kwamba uchafu bado haujaisha. Mwaka 1836 wakala mmoja wa vidonge hivyo, Robert Salmon, alitiwa hatiani katika mahakama ya Old Bailey kwa kusababisha kifo cha mteja aliyemeza vidonge vingi mno. Adhabu yake ilikuwa faini ya pauni 200. Biashara iliendelea.

Thomas Beecham alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1820, akachunga kondoo utotoni, akaanza kuuza vidonge vyake masokoni, na kufikia uzeeni alikuwa na kiwanda kikubwa St Helens chenye mnara wa saa. Matangazo yake yalitaja gesi, maumivu ya tumbo, kujaa baada ya kula, kizunguzungu, kukosa choo, hata ndoto za kutisha. Yalidai pia kwamba boksi moja lina thamani ya gini, yaani shilingi 21. Lenyewe liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu, na hiyo peni moja na nusu ndiyo iliyokuwa kodi ya stempu.

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha kitabu kilichoorodhesha matokeo ya kupimwa kwa dawa za siri, moja baada ya nyingine. Vidonge vya Beecham vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Wapimaji walikadiria kwamba viambato vya vidonge 56 viligharimu takriban sehemu ya nane ya peni moja, na hivyo mnunuzi alikuwa akilipa zaidi ya mara 100 ya gharama hiyo.

Tuwe waadilifu hapa. Shubiri na tangawizi si sumu kwa kipimo cha kawaida, na mtu aliyekosa choo kwa siku nne akimeza shubiri, atapata choo. Wengi wetu tuliolelewa na bibi zetu tunaikumbuka asubuhi ya haluli, au kijiko cha mafuta ya mbarika, na mbio zilizofuata. Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Tatizo linaanza pale dawa ya kuharisha inapouzwa kwa mwenye kidonda, mwenye uvimbe tumboni au mwenye maradhi ya ini, naye akalihesabu kila tendo la tumbo kuwa ni hatua ya kupona.

Chupa kali kuliko wiski

Kwa msomaji Mwislamu, sehemu hii ina uzito wa pekee. Mwaka 1853, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, David Hostetter na mshirika wake walianza kuuza dawa chungu ya tumbo iliyojulikana kwa jina la Hostetter. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, iliuzwa kwa wingi kwa wanajeshi wa Kaskazini kuwa kinga ya kuhara damu na homa. Kila mwaka kampuni iligawa bure kalenda zilizochanganya tarehe, vichekesho na sifa za dawa, katika lugha kadhaa, zikaning'inizwa jikoni mwa watu. Dawa hiyo, katika miaka yake ya mwanzo, ilikuwa na kilevi cha asilimia 47 hivi. Wiski kwa kawaida ina asilimia 40.

Ajabu ni kwamba zama hizo zilikuwa pia zama za vyama vikubwa vya Wakristo wa Marekani vilivyopiga vita ulevi. Wanawake walitia saini ahadi ya kutogusa pombe maisha yao yote, kisha jioni wakanywa kijiko baada ya kijiko cha dawa ya tumbo, wakahisi joto zuri kifuani na wepesi wa mwili, wakamshukuru Mungu kwa dawa. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Hawakuambiwa. Suala la kujitibu kwa kitu chenye kilevi lina mjadala wake mrefu katika fiqhi, na hapa si mahali pake. Lakini mjadala wowote, wa fiqhi au wa tiba, hauwezi hata kuanza ikiwa mwenye kunywa hajui anachokunywa.

Kilichofanywa kwa watoto ni kizito zaidi, nami nawaomba kina mama wavumilie kukisoma.

Mwaka 1849, katika mji wa Bangor, jimbo la Maine, ilianza kuuzwa sharubati ya watoto iliyoitwa kwa jina la Bibi Winslow. Tangazo lake lilimwonyesha mama mpole na mtoto aliyetulia. Ilisifiwa kwa meno yanayoota, mchango wa tumbo na kuhara. Ndani yake kulikuwa na mofini, ambayo hutolewa katika afyuni. Uingereza nako kulikuwa na dawa kongwe zaidi iliyoitwa Godfrey, mchanganyiko wa afyuni na asali ya miwa, ambayo kina mama wa viwandani waliwaachia walezi ili mtoto alale hadi wao warudi kazini.

Afyuni huyafanya matumbo yasitembee, kwa hiyo kuhara hukoma. Huondoa maumivu, kwa hiyo mtoto huacha kulia. Humlaza, kwa hiyo haombi ziwa. Kipimo kikizidi kidogo, hupunguza pumzi. Mama aliona mwanawe mwenye kuhara ametulia na hachafui tena nguo, akadhani anapona, na kumbe mtoto anaishiwa maji na nguvu kimya kimya. Wako waliolala wasiamke. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka sharubati ya Bibi Winslow katika orodha ya dawa kilichoziita wauaji wa watoto.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Pombe huchangamsha, afyuni hunyamazisha, shubiri huharisha. Kila moja hufanya kazi yake kwa dakika au saa chache, na mgonjwa huiona kazi hiyo kwa macho yake. Ongeza kwamba kiungulia na kuhara mara nyingi hupita vyenyewe, na sifa ikaenda kwa chupa iliyokuwa karibu. Kwa hiyo shuhuda za watu hazikuwa za uongo zote. Mama yangu hakusema uongo kwa majirani. Maumivu yalipungua kweli, huku kidonda kikiendelea kuchimba.

Magazeti yaliyonyamaza

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo watu kujua? Sehemu moja ya jibu inayahusu magazeti, na gazeti hili litanisamehe. Dawa hizi zilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa wa magazeti ya Marekani. Mwaka 1905 jarida la Collier's lilifichua kwamba mikataba ya matangazo ilikuwa na kifungu maalumu: endapo jimbo litapitisha sheria ya kuzibana dawa hizo, mkataba unavunjika na fedha zinakoma. Kila mhariri alijua kwamba sheria ya kuwalinda wasomaji wake ingemkatia riziki. Katika jarida hilo hilo, kuanzia Oktoba 1905, mwandishi Samuel Hopkins Adams alitoa mfululizo wa makala zilizotaja dawa kwa majina na yaliyomo ndani yake.

Kabla yake, Edward Bok, mhariri wa jarida la kina mama la Ladies' Home Journal, alikuwa ameacha kupokea matangazo ya dawa hizo tangu 1892. Mwaka 1904 alichapisha orodha ya viwango vya kilevi vilivyomo katika dawa mashuhuri. Kuhusu dawa moja alikosea, akashitakiwa, na jarida likalipa fidia. Nalitaja hili kwa makusudi: mwenye kufichua naye anawajibika kuthibitisha, na ndiyo maana chupa iliyo mezani kwangu siiiti sumu wala siiiti dawa.

Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa. Wengi hudhani sheria hiyo ilizipiga marufuku dawa hizo. Haikufanya hivyo. Iliamuru tu kwamba dawa yenye pombe, afyuni, mofini, kokeini na vitu vingine vichache vilivyotajwa ioneshe jambo hilo kwenye karatasi yake, pamoja na kiasi chake. Mama aliyesoma neno "mofini" kwenye chupa ya mwanawe hakuhitaji mhadhara. Baadaye watengenezaji wa sharubati ile waliiondoa mofini.

Uingereza ilichelewa zaidi. Kamati ya Bunge ilichunguza suala hili kuanzia 1912 na ripoti yake ikatoka Agosti 4, 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani. Ripoti ikawekwa kando. Sheria ya kutaja viambato, pamoja na kufutwa kwa stempu, ilikuja mwaka 1941.

Haya si mageni kwetu kwa asili yake. Waliosoma fiqhi wanaujua wadhifa wa muhtasib, msimamizi wa soko. Katika karne ya 12 huko Sham, Abdur-Rahman al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wenye wadhifa huo, na akatenga milango kwa ajili ya wauza sharubati na wauza dawa, akieleza namna wanavyoghushi bidhaa zao, afyuni ikiwemo, na namna ya kuwagundua. Muhtasib hakuishia kusikiliza sifa za dawa. Alifungua chombo.

Baadhi ya majina ya zamani bado yako kwenye rafu za maduka yetu. Eno ilianzia Newcastle katika karne ya 19, kwa James Crossley Eno, nayo katika zama zake ilijisifu kupita kiasi. Dawa ya mchango ya Woodward ilianzia Nottingham mwaka 1851, na kwa muda mrefu ilikuwa na kiasi kidogo cha kilevi. Siku hizi karatasi zao zinataja yaliyomo, na chupa nyingi za dawa ya mchango zimeandikwa kwamba hazina kilevi. Mama na asome kabla ya kufungua kifuniko. Tiba asili nayo isionewe: hapa Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ambako dawa husajiliwa, na wapo waganga wetu wanaosema wazi kwamba hili ni jani fulani na ule ni mzizi fulani. Na yeyote anayeona choo cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayepata shida kumeza, asingoje chupa iishe. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na haya aiweke kando.

Kamati ilikubali niandike barua kwa mfanyabiashara yule. Niliandika kwa adabu, nikimshukuru kwa nia yake ya kusaidia paa, na kumwomba mambo mawili: orodha kamili ya viambato pamoja na vipimo vyake, na nakala ya cheti cha usajili. Alinipigia simu siku ya tatu. Hakuwa na hasira. Alisema mchanganyiko huo ni siri ya familia aliyoachiwa na babu yake, na kwamba akiutaja, wengine watamwigiza. Nilimwambia kwamba naielewa hofu yake, lakini maombi yangu yanabaki yale yale. Alisema atashauriana na kaka yake.

Mweka hazina ameniuliza mara mbili kama jibu limekuja. Kikao ni Jumamosi hii baada ya Swala ya Isha, insha Allah. Chupa nimeifungia kabatini, pamoja na muhuri. Jana usiku mvua ilinyesha, na alfajiri tulizikuta ndoo zote tatu zimejaa.